Asiyeonekana Pichani: Kamera, Safari na Kifo katika Los autonautas de la cosmopista

Utangulizi

Fasihi ya safari imezoeleka kuhakikiwa kwa kuuliza msafiri alikwenda wapi na huko aliona nini. Ni nadra kuulizwa alifuatana na nani, na huyo mwenziwe naye aliona nini. Makala haya yanakusudia kulishughulikia swali hili la pili kwa kukichunguza kitabu kimoja cha safari kilichoandikwa na watu wawili, mume na mke, na kuambatanishwa na picha walizopigana wao kwa wao njiani. Kitabu chenyewe ni Los autonautas de la cosmopista, cha Julio Cortázar na Carol Dunlop, kilichochapishwa mwaka 1983 kwa Kihispania na kwa Kifaransa. Anwani yake ni mchezo wa maneno unaokaribiana na kusema mabaharia wa barabara kuu. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Anne McLean, ilitoka mwaka 2007, na kwa hivyo kitabu hiki hakina tena udhuru wa kutosomwa katika madarasa yetu ya fasihi linganishi.

Hoja yetu kuu ni kwamba kamera katika kitabu hiki si pambo, wala si ushahidi tu kwamba wasafiri walifika. Ni nyenzo ya usimulizi yenye kanuni yake. Wasafiri wawili wanapokuwa peke yao na kamera moja, kila picha ya mmoja ni dalili ya kuwapo kwa mwenziwe ambaye haonekani. Kanuni hiyo safarini lilikuwa jambo la kawaida lisilohitaji kutajwa. Iligeuka kuwa kiini cha kitabu pale mmoja wa waandishi alipofariki kabla kitabu hakijakamilika. Tutaonyesha pia kwamba kanuni hiyo hiyo inatawala maandishi, na kwamba mhakiki anayekihesabu kitabu hiki kuwa cha Cortázar peke yake huwa anairudia kasoro ya kale ya fasihi ya safari: kumfuta aliyeandamana na msafiri.

Safari na Masharti Yake

Barabara kuu iendayo kutoka Paris hadi Marseille kupitia Lyon ina urefu wa karibu kilomita 770, na ilikamilika mwaka 1970. Wafaransa huiita barabara ya jua, kwa kuwa ndiyo inayowapeleka wakazi wa miji ya kaskazini kwenye fuo za Mediterania wakati wa likizo ya kiangazi. Dereva wa kawaida huimaliza kwa siku moja. Cortázar na Dunlop waliitumia siku 33, kati ya Mei na Juni 1982.

Safari hiyo iliongozwa na masharti manne. La kwanza, wasiiache barabara kuu hata mara moja mpaka wafike Marseille. La pili, wasimame katika kila kituo cha mapumziko, viwili kwa siku, na kulala katika kile cha pili bila kujali kama ni kizuri au kibaya. La tatu, wakikague kila kituo kwa namna ya kisayansi. La nne, waandike kitabu cha msafara wao kwa kufuata mfano wa wavumbuzi wa zamani. Vituo vilikaribia 65. Chombo chao kilikuwa kombi jekundu la Volkswagen walilolipa jina Fafner, yaani joka la tamthilia za muziki za Wagner. Wao wenyewe waliitana kwa majina ya wanyama: Cortázar ni Mbwamwitu, na Dunlop ni Dubu Mdogo.

Cortázar alikuwa na umri wa miaka 67. Alizaliwa Brussels mwaka 1914, akakulia Argentina, akahamia Paris mwaka 1951 na kufanya kazi ya ufasiri katika UNESCO, na riwaya yake Rayuela ya mwaka 1963 ilikuwa imemweka katika safu ya mbele ya waandishi wa Amerika ya Kilatini. Dunlop alizaliwa Marekani mwaka 1946. Alikuwa mwandishi, mfasiri na mpigapicha, na aliandika kwa Kifaransa.

Mtu atarajiaye kuiona Ulaya ya kadi za posta atasikitishwa na kitabu hiki. Paris na Marseille, miji miwili yenye kila sababu ya kupigwa picha, ni mipaka ya safari tu, wala si shabaha yake. Bahari, ambayo ndiyo inayowavuta wasafiri wengine wote, inabaki kuwa ahadi ya mbele. Kilichomo kati ya mji na pwani ni shajara inayorekodi saa za kuondoka na kufika, halijoto, chakula kilicholiwa, na upande ambao Fafner alielekezwa alipoegeshwa. Picha nazo ni za vitu vya daraja hiyo hiyo: mapipa ya taka, mabango, miti, meza za saruji, viti vya kukunja vyenye kitambaa cha maua ya kuchukiza, Mbwamwitu akipiga taipureta kivulini. Msomaji anaachwa ajiulize kwa nini watu wawili wenye kipaji wamezielekezea lenzi sehemu ambazo wapitao huzitumia kwa haja tu na kuzisahau.

Kamera katika Kazi za Awali za Cortázar

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kukumbuka kwamba kamera haikuwa ngeni katika bunilizi za Cortázar. Katika mhadhara wake maarufu kuhusu hadithi fupi, alioutoa Havana mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliilinganisha riwaya na filamu, na hadithi fupi na picha ya kamera. Hadithi fupi, kama picha, hukata kipande kidogo cha uhalisia, lakini kipande hicho sharti kimsukume msomaji kuona yaliyo nje ya mipaka yake.

Hadithi mbili zinaiweka nadharia hiyo katika vitendo. Katika "Las babas del diablo", iliyomo katika mkusanyo wa mwaka 1959, mfasiri aitwaye Roberto Michel anampiga picha mwanamke na kijana katika kisiwa kimoja cha mto Seine mjini Paris. Kijana anapata mwanya wa kukimbia. Baadaye Michel anaikuza picha hiyo na kuitundika ukutani, nayo inaanza kwenda, na kumfichulia uovu ambao macho yake hayakuung'amua. Michelangelo Antonioni aliihamishia fikra hiyo London katika filamu yake Blow-Up ya mwaka 1966. Katika "Apocalipsis de Solentiname", iliyoandikwa mwaka 1976, msimulizi anapiga picha michoro ya wakulima wa Nikaragua, kisha nyumbani kwake Paris anazitazama kwa projekta. Badala ya ng'ombe na maua anaona mauaji na mateso ya bara lake. Mwenzi wake, Claudine, anapoziangalia picha zile zile, anaona michoro tu. Mwaka uliofuata, 1977, jumuiya halisi ya Solentiname iliteketezwa na askari wa Somoza.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, katika hadithi hizi kamera inajua zaidi ya mwenye kamera. Pili, aishikaye kamera ni mwanamume aliye peke yake. Michel hana mwenzi. Msimulizi wa Solentiname anaye, lakini baina yao kuna ukuta, kwa kuwa alionalo mmoja haliwezi kushirikiwa na mwingine. Mkasa wa hadithi hizo hautokani na picha pekee. Unatokana pia na upweke wa jicho linalotazama.

Los autonautas ni jibu kwa upweke huo. Hapa kamera inapita mkono hadi mkono. Hakuna picha inayokuzwa ukutani hadi itoe siri, wala hakuna maiti inayojificha nyuma ya kichaka. Pipa la taka linabaki pipa la taka. Kwa msomaji aliyezizoea hadithi za awali, ukimya huu wa picha ni jambo la kushangaza, na tunadai kwamba ndio unaomwandaa kwa pigo la mwisho.

Nani Kashika Kamera?

Tuchukue mfano wa picha ya aina inayojirudia kitabuni: Cortázar amekaa mbele ya taipureta yake, miti ikiwa nyuma yake, kombi likiwa kando. Kwa juujuu ni picha ya mtu mmoja. Lakini mtu huyo hakujipiga picha. Urefu wa kamera kutoka ardhini, umbali wake, hata uamuzi wa kutomkatiza kazini ili atazame lenzi, vyote hivyo ni matendo ya Dunlop. Kwa maana hiyo ni picha ya watu wawili, mmoja akiwa ni sura na mwingine akiwa ni mtazamo.

Lugha ya Kiswahili ina umbo linalotusaidia kulieleza jambo hili bila kuazima istilahi. Tusemapo "alimtazama", neno moja limebeba watu wawili: mtendaji katika kiambishi cha mwanzo, mtendwa katika kiambishi cha kati. Hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina, wala hatujui yupi ni mwanamume na yupi ni mwanamke. Hata hivyo hatuwezi kumwondoa mmoja wao na neno likabaki na maana ile ile. Picha za Los autonautas zina sarufi ya namna hii. Mtendwa yumo ndani ya fremu, mtendaji yumo katika fremu yenyewe.

Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba maandishi nayo yanafuata kanuni hii. Sehemu nyingi za kitabu hazikutiwa saini. Msomaji humtambua mwandishi kwa kumwangalia anayetajwa: ikiwa Mbwamwitu anasimuliwa katika nafsi ya tatu, basi kalamu imo mkononi mwa Dubu Mdogo, na kinyume chake. Anayeonekana katika aya si mwenye aya. Tunalazimika kusoma kama tutazamavyo picha, yaani kumtafuta mwandishi katika upendo na utani anaoutumia kumchora mwenziwe.

Suala hili linatatizwa zaidi na lugha. Dunlop aliandika kurasa zake kwa Kifaransa, na katika toleo la Kihispania zinatufikia kwa tafsiri ya Cortázar. Mhakiki asiye makini anaweza kuhitimisha kwamba sauti ya Dunlop imemezwa. Sisi tunaona vinginevyo. Kutafsiri hapa ni sawa na kuikamata kamera ya mwenzio na kuacha mahali alipoilenga pabaki pale pale. Hata hivyo ni haki kukiri kwamba hatari ipo. Jina la Cortázar ni kubwa, la Dunlop ni dogo, na ni rahisi kwa maktaba, kwa wachapishaji na kwa walimu kukiweka kitabu chini ya jina moja. Ushahidi wa matini unapinga mazoea hayo. Ukizitoa kurasa na picha za Dunlop, kitakachobaki si kitabu kifupi zaidi, bali ni kitabu ambacho Cortázar haonekani humo, kwa sababu Dunlop ndiye aliyemwona.

Mwigo wa Wavumbuzi na Msomaji wa Afrika Mashariki

Imeshatajwa kwamba sharti la nne lilikuwa kufuata mfano wa wavumbuzi. Kitabu kinalitekeleza kwa kejeli ya upole. Kuna orodha za vyakula, kuna hofu ya kiseyeye ambayo marafiki wanaipoza kwa kuleta chakula kibichi njiani, kuna vipimo vya halijoto vilivyorekodiwa kwa uzito wa mtu anayetafuta chimbuko la mto Naili. Msomaji wa Ulaya anaweza kuucheka mwigo huu kama mchezo wa vitabu. Msomaji wa Afrika Mashariki hana anasa hiyo, kwa sababu vitabu vinavyoigwa vilituhusu. Speke alilipa ziwa letu jina la malkia wake mwaka 1858. Stanley na Joseph Thomson walirudi kwao na vitabu vilivyojaa picha zetu, vipimo vyetu na hukumu juu yetu.

Tukikisoma kitabu hiki kwa kumbukumbu hiyo, tunagundua kwamba wanandoa hawa wameigeuza misingi mitatu ya utanzu. Mvumbuzi hukimbilia mwisho wa safari, ilhali wao wanauchelewesha. Mvumbuzi hubatiza milima na maziwa ya wengine, ilhali wao wanabatiza mali yao wenyewe, yaani gari, viti na nafsi zao. Mvumbuzi huelekeza kamera kwa wenyeji, ilhali wao kwa sehemu kubwa wanaielekeza kwao wenyewe na kwa vyombo vyao vya kulia na kulalia. Kwa kifupi, wameuchukua utanzu wa kumiliki na kuufanya utanzu wa kukaa.

Haifai, hata hivyo, kuusifu mgeuzo huu bila kipimo. Wanaojitia katika hali ya kuchunguzwa kwa hiari yao wanaweza kuuacha mchezo wakati wowote, na waliochunguzwa na Stanley hawakuweza. Barabara kuu ya Ufaransa haikuwa na wenyeji wa kuonewa, na kwa hivyo mwigo huu haukuwagharimu waandishi chochote kisiasa. Cortázar na Dunlop hawakuwa watu wasiojua siasa. Haki zao za uandishi wa kitabu hiki walizitoa kwa watu wa Nikaragua wakati wa serikali ya Wasandinista. Lakini ukarimu huo umo nje ya safari, haumo ndani yake.

Kwa upande mwingine, fasihi yetu ina matini yanayofaa kusomwa sambamba na haya. Miongoni mwa habari za safari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 imo ya Salim bin Abakari, Mswahili aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia. Salim alikwenda kama mwandamani, lakini ndiye aliyeshika kalamu. Kwa hiyo sura tunayoipata ni ile ambayo vitabu vya wavumbuzi viliificha: safari kama ilivyoonwa na yule wa pili. Katika misafara ya bara, pale palipokuwa na kamera, sanduku lake lilikuwa kichwani pa mpagazi. Picha zilizopatikana hazimwonyeshi kama mwenye mchango. Ugunduzi wa Los autonautas, kwamba picha huwa na mtu ndani na mtu nje, unatupa swali la kuziuliza picha hizo za kale upya.

Neno la Tamati na Maana ya Kifo

Baada ya safari wanandoa hawa walikwenda Nikaragua. Huko Dunlop aliugua, wakarudi Ufaransa, na tarehe 2 Novemba 1982 akafariki Paris akiwa na umri wa miaka 36. Cortázar alikikamilisha kitabu peke yake, na katika neno la tamati la Desemba 1982 akamfahamisha msomaji yaliyotokea. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 12 Februari 1984, akazikwa pamoja na mkewe katika makaburi ya Montparnasse.

Lenye uzito kihakiki ni namna habari hiyo ilivyopangwa. Haikuwekwa mwanzoni, na kurasa zilizotangulia zimebaki na furaha yake. Msomaji anaipata mwishoni kabisa, baada ya kucheka mamia ya kurasa, na analazimika kurudi nyuma. Anaporudi, picha hazijabadilika hata kidogo, na bado si zile zile.

Roland Barthes, katika La chambre claire ya mwaka 1980, aliijadili picha ya kijana Lewis Payne iliyopigwa na Alexander Gardner mwaka 1865, kijana akisubiri kunyongwa. Kwa Barthes, picha kama hiyo inabeba nyakati mbili kwa mara moja: atakufa, na amekwisha kufa. Mtu anaweza kudhani kwamba Los autonautas ni mfano mmoja zaidi wa jambo hilo. Kwa picha za Dunlop akiwa kituoni, ni kweli. Lakini nadharia ya Barthes inaiweka huzuni katika uso wa aliyepigwa picha, nayo haitoshi kuzieleza picha za Cortázar kwenye taipureta. Ndani ya fremu yumo aliyenusurika. Aliyekufa ndiye aliyekuwa akitazama. Huzuni imo katika umbali kati ya kamera na meza, katika pembe iliyochaguliwa na mtu ambaye hatachagua tena. Tangu neno la tamati lisomwe, Cortázar wa pichani ni mtu anayetazamwa na asiyekuwepo.

Hapo ndipo ukimya wa picha unapopata maana yake. Katika "Las babas del diablo" picha ilizungumza yenyewe na kumwangamiza mtazamaji. Hapa picha haikusema neno, na ilibidi lugha isubiri miezi sita ili iseme kwa niaba yake. Cortázar aliyeilinganisha hadithi fupi na picha, kwa kuwa zote mbili humsukuma mtu nje ya fremu, alilazimika mwishowe kuandika kurasa chache zinazoufanya mkusanyo mzima wa picha ulielekee jambo lililo nje ya fremu zote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Los autonautas de la cosmopista ni kitabu cha wawili kwa muundo wake, wala si kwa majina ya jaladani tu. Picha na aya zake zote zinategemea mtu asiyeonekana. Kifo cha Dunlop hakikuizua kanuni hiyo. Kiliiweka wazi tu. Kwa sababu hiyo, kumchukulia Dunlop kama msaidizi wa mwandishi mashuhuri si kumkosea heshima yeye pekee. Ni kushindwa kukisoma kitabu.

Aidha, tumependekeza kwamba uhakiki wetu wa fasihi ya safari, iwe ya wageni waliokuja kwetu au ya Waswahili waliokwenda kwao, uanze kuwatafuta walioandamana na wasafiri: wake, wakalimani, wapagazi, watumishi. Wengi wao hawakuacha maandishi. Lakini pale ambapo kuna picha, au aya inayomtaja mtu bila kusema nani anamtaja, kuna alama ya jicho lililokuwapo. Ni matumaini yetu kwamba watafiti, hasa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada katika nyaraka za misafara ya karne ya 19, watalichukua swali hili na kulipeleka mbali zaidi ya pale tulipoliachia.